Hakimiliki ya kitabu cha wawili ni ya nani?

Juma lililopita binti wa marehemu mwandishi mwenzangu alinitembelea hapa Njoro. Alibeba nakala kuukuu ya kitabu cha sarufi tulichoandika na babake miaka ya tisini. Baada ya chai akaniuliza: "Prof, hatimiliki ya hiki kitabu iko wapi?"

Nilitaka kumsahihisha. Hatimiliki ni hati ya shamba au ploti. Ya kitabu ni hakimiliki, haki yenyewe, nayo huwapo hata pasipo karatasi. Kisha nikanyamaza, maana kosa lake lilikuwa na ukweli ndani yake. Huku Bonde la Ufa nani hununua hata robo ekari bila maandishi na mashahidi? Mimi na babake, wasomi wazima, tuligawana sura kwa mdomo tu katika mkahawa mmoja wa Nakuru mjini. Laiti tungeandika hata kwenye pakiti ya sigara!

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ya waandishi wenza ni ile ambayo mchango wa mmoja hautenganishiki na wa mwingine. Chukua The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo iliyochapishwa 1976, ikaigizwa Lagos katika FESTAC 1977, na kwa Kiswahili ikaitwa Mzalendo Kimathi. Majina mawili, kazi moja. Mũgo alifariki 2023, Ngũgĩ Mei 2025. Hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi, na kwa kazi ya pamoja huhesabiwa kuanzia kwa yule aliyefariki mwisho. Kwa hivyo tamthilia hiyo inalindwa humu nchini hadi mwisho wa 2075. Wakati huo watakaohusika ni wajukuu na vitukuu.

Kuna kipengele kingine ambacho waandishi wengi hawakijui. Mmiliki mwenza mmoja akitoa leseni, huhesabika kana kwamba mwenzake naye ameitoa. Malipo hugawanywa kwa haki baina yao, isipokuwa wawe na makubaliano mengine. Sasa hiyo "kwa haki" ni kiasi gani? Aliyeandika sura nane apate sawa na aliyeandika mbili? Na aliyebuni wazo, akamwachia mwenzake kalamu, je? Hapo ndipo karatasi huhitajika.

Nami nikiri jambo. Mwenzangu alipofariki, mchapishaji aliniletea mkataba wa toleo jipya nikatia sahihi peke yangu. Mrabaha ulipokuja niliitumia familia yake kiasi nilichoona chafaa, miaka miwili hivi, kisha, kusema kweli, nikasahau. Kutia sahihi niliruhusiwa. Kula peke yangu, la.

Binti hakufoka. Aliniomba tu nimwonyeshe sura za babake. Za ngeli nilijua ni zake. Nilipofika kwenye vitenzi nilikwama: mifano ni yangu, lakini sentensi zina mwendo wake. Nikafunga kitabu. Tumekubaliana nusu kwa nusu, kuanzia senti ya kwanza ya toleo lile. Wakili anaandika mkataba. Mashahidi ni mke wangu na kakake.