Madai ya Wizi wa Kura na Amri ya Nane: Maelezo kwa Waumini

Baada ya kila uchaguzi mkuu nchini Kenya, swali moja huletwa kwetu mapadre, mara nyingi nje ya kanisa baada ya Misa, na kwa sauti ya chini: je, Mkristo hutenda dhambi akisema kwamba kura ziliibwa? Wapo wanaouliza wakitumaini tutasema ndiyo, ili jirani wa chama kingine anyamaze. Wapo wanaotumaini tutasema hapana, ili waendelee. Jibu fupi ni kwamba inategemea anachokijua yule anayesema, na amekijuaje. Tunalieleza jibu hilo kwa urefu hapa kwa sababu Katiba imeuweka uchaguzi ujao Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na ni heri mambo haya yasomwe kabla joto la kampeni halijapanda.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Mtu mmoja akisema "wizi wa kura" anamaanisha kwamba masanduku yalijazwa kura za watu wasiofika kituoni. Mwingine anamaanisha kwamba hesabu zilibadilishwa njiani, kati ya kituo na Nairobi. Wa tatu anamaanisha kwamba tume ilitangaza matokeo bila kufuata sheria. Wa nne, tukubali, anamaanisha tu kwamba mgombea wake ameshindwa. Kila dai kati ya hayo lina ushahidi wake wa kulithibitisha au kulikanusha, na ushahidi wa dai moja hautoshi kwa jingine. Mabishano mengi ya kisiasa hudumu kwa sababu watu huyachanganya.

Karatasi mlangoni

Uti wa mgongo wa uchaguzi wa rais nchini Kenya ni karatasi iitwayo Fomu 34A. Kila kituo cha kupigia kura hakipaswi kuwa na wapigakura zaidi ya 700. Upigaji kura ukifungwa, kura huhesabiwa hapo hapo mbele ya mawakala wa wagombea, msimamizi wa kituo hujaza fomu, mawakala hutia sahihi na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa mlangoni. Picha ya fomu hutumwa kwa mtambo wa KIEMS, na karatasi yenyewe hupelekwa katika kituo cha kujumlisha kura cha eneo bunge, ambako Fomu 34B hujazwa. Kutoka maeneo bunge 290, na kutoka kwa Wakenya wanaopiga kura ughaibuni, hupatikana Fomu 34C, ambayo ndiyo hesabu ya taifa zima.

Maana yake ni kwamba anayetaka kubadilisha hesabu njiani analazimika pia kushindana na karatasi iliyokwisha kubandikwa mlangoni na nakala zilizo mikononi mwa mawakala wa pande zote. Utaratibu huu ulizaliwa na maumivu. Mwaka 2007 Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba, na matokeo yakatangazwa jioni ya tarehe 30 katikati ya ghasia. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilipochunguza uchaguzi huo mwaka 2008, ilihitimisha kwamba kasoro zilikuwa nyingi kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Pia iligundua jambo ambalo wafuasi wa pande zote mbili hawapendi kulikumbuka: udanganyifu ulifanyika katika ngome za vyama vyote viwili vikuu, mahali ambapo wakala wa chama kingine hakuthubutu kukaa. Kila upande ulimwona mwizi wa upande wa pili tu.

Wala makanisa hayakuwa nje ya jambo hilo. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, ambalo sisi Wakatoliki si wanachama wake, liliomba radhi hadharani mwaka 2008 kwa kuegemea upande. Nasi hatukuwa na sababu ya kujiona wasafi.

Mahakama iliamua nini hasa?

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti, kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Hadi leo wapo waumini wanaosema kwamba mahakama ilithibitisha kuwa mgombea fulani aliiba. Haikusema hivyo. Ilisema kwamba haikuona ushahidi wa utovu wa mgombea aliyetangazwa mshindi. Iliilaumu tume ya uchaguzi, IEBC: kwamba matokeo yalitangazwa kabla Fomu 34A zote hazijapokelewa, kwamba baadhi ya fomu za juu hazikuwa na alama za usalama, na kwamba tume ilikataa kufungua seva zake hata baada ya kuamriwa na mahakama. Kukataa huko kulihesabiwa dhidi yake. Mahakama haikutamka nani alipata kura nyingi zaidi.

Jambo hili linahitaji kutafakariwa. Kundi la waangalizi la ELOG, ambalo Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki ni mwanachama wake, lilikuwa limefanya hesabu yake sambamba kwa sampuli ya vituo, na makadirio yake yakalingana na takwimu za IEBC. Hata hivyo uchaguzi ulifutwa, na mahakama ilikuwa na haki ya kuufuta, kwa maana Katiba katika kifungu cha 86 inataka mfumo wa kupiga kura uwe rahisi, sahihi, salama, wa wazi na wa kuthibitishika. Anayedai kuwa mwaka 2017 "hesabu ilikuwa sawa" anajibu swali ambalo mahakama haikulitumia kuamua. Anayedai kuwa mahakama ilithibitisha wizi wa mgombea anaipa mahakama maneno ambayo haikuyatamka. Wote wawili wamekuwa wakibishana kwa miaka mingi, na hakuna kati yao aliyekuwa akisema kweli kamili.

Mwaka 2022 mambo yalikuwa tofauti. IEBC iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti yake ili kila mtu azisome, kutoka vituo zaidi ya 46,000. Mwanafunzi mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Tarehe 15 Agosti William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, na Raila Odinga akapata 6,942,930, yaani asilimia 48.85. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo hayo.

Kesho yake makamishna hao walieleza kwamba asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba sehemu hiyo ya ziada ni takriban kura 142,000. Maneno hayo yalienea nchini kabla ya jua kutua. Lakini kura halali zilikuwa kama milioni 14.2. Asilimia moja ya idadi hiyo ni 142,000. Sehemu ya mia ya asilimia moja ni kura 1,420 tu, na hata hizo si kura za mtu yeyote, ni matokeo ya kukadiria desimali. Mtoto wa darasa la saba angeweza kuikagua hesabu hiyo. Tunakiri kwamba wengi wetu tulioisikia hatukuchukua kalamu.

Mahakama ya Juu, safari hii chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, iliamuru seva zikaguliwe na kura za baadhi ya vituo zihesabiwe upya. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba walikataa malalamiko. Fomu halisi zilizodaiwa kubadilishwa zilipolinganishwa na picha zilizowekwa kwenye tovuti, hazikuwa na tofauti. Baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoambatishwa kwenye hati za kiapo zilionekana kuwa za mwaka 2017 au za kughushi. Mahakama hiyo hiyo, hata hivyo, ilikosoa mgawanyiko ndani ya tume na kutaka marekebisho. Kushinda kesi hakukumaanisha kwamba nyumba ya tume ilikuwa katika hali njema.

Angalieni pia jinsi ndimi zilivyobadilishana nafasi. Mwaka 2017 rais aliwaita majaji wakora hadharani, na wapinzani wake wakawasifu kama mashujaa. Miaka mitano baadaye, miongoni mwa wale waliowalaani majaji wengi waliwasifu, na miongoni mwa wale waliowasifu wengi waliwalaani. Taasisi ilikuwa ile ile na Katiba ile ile. Muumini akitaka kupima kama anatetea ukweli au chama, na aulize alisema nini juu ya mahakama katika miaka yote miwili.

Katekisimu inafundisha nini?

Amri ya nane inakataza ushuhuda wa uongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2476 na 2477, inatenganisha makosa ambayo sisi hupenda kuyaweka katika kapu moja. Ushuhuda wa uongo mahakamani, ukitolewa chini ya kiapo, ni uzito wa pekee. Anayeapa kwa hati ya kughushi hadanganyi majaji tu, anamwita Mungu awe shahidi wa uongo wake. Kusingizia ni kusema uongo unaoharibu sifa ya mtu. Lakini kosa la kawaida zaidi kati yetu ni hukumu ya haraka: kukubali, hata moyoni tu, kwamba jirani ametenda uovu bila msingi wa kutosha. Hapa hakuna uongo uliokusudiwa. Kuna uvivu wa kutafuta ukweli, na furaha kidogo ya kumwamini adui kuwa mbaya.

Tunasisitiza neno "jirani" kwa sababu uchaguzi hauendeshwi na watu wa mbali. Wasimamizi wengi wa vituo ni walimu wetu, na makarani ni vijana wa parokia waliokuwa wakitafuta kazi ya siku chache. Ujumbe wa simu usemao kwamba "kituo cha shule yetu kiliuzwa" una mtu mwenye jina ndani yake, hata kama jina halikuandikwa. Na kazi hiyo ina hatari zake: Chris Msando, meneja wa teknolojia wa IEBC, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa 2017, na mwaka 2022 afisa mmoja wa uchaguzi jijini Nairobi alitoweka akiwa kazini, kisha mwili wake ukapatikana.

Isidhaniwe kwamba tunafundisha kunyamaza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 75, unaita kura haki na wajibu wa raia. Kinachoporwa na mwizi wa kura basi ni haki ya mwenzake, na wakala anayetia sahihi kwenye fomu tupu kwa ahadi ya pesa ametenda dhambi nzito kuliko ya mlalamishi aliyeropoka. Vivyo hivyo mwenye kusema "hakuna kilichoharibika, tusonge mbele" huku akijua kilichoharibika. Amani inayojengwa kwa kuwakataza watu kuuliza hatukuagizwa kuihubiri.

Maaskofu wa Kongo walitupa mfano mwaka 2018. Baraza lao, CENCO, lilituma waangalizi wapatao 40,000 katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba. Mapema Januari 2019 walisema wanajua takwimu zao zinamwonyesha nani, wakaitaka tume itangaze ukweli, lakini hawakutaja jina. Tume ilipomtangaza Félix Tshisekedi, walisema wazi kwamba matokeo hayo hayalingani na yale waliyokusanya. Hawakutegemea uvumi wala ndoto. Walikuwa na watu wao vituoni. Na hata hapo hawakuwaita waumini barabarani kulipiza kisasi.

Aliyekwisha kusambaza uongo, awe alijua au hakujua, namba 2487 inamwambia kwamba msamaha wa padre peke yake haumalizi deni. Madhara yanatakiwa kufidiwa. Kwa kawaida tunashauri hivi: ujumbe uliotumwa katika kundi la kwaya urekebishwe katika kundi hilo hilo, kwa watu wale wale, si kwa kunong'ona kwa mmoja. Na ikiwa alitajwa mwalimu au karani, aendewe nyumbani.

Kwa yule ambaye kweli ameona, kwa mfano fomu ya mlangoni isiyolingana na ile iliyo kwenye tovuti, mambo ni tofauti. Huyo ana wajibu wa kusema, na muda wake ni mfupi. Malalamiko ya uchaguzi wa rais hupelekwa Mahakama ya Juu ndani ya siku saba tangu matokeo kutangazwa, na mahakama ina siku kumi na nne za kuamua. Picha ya fomu yenye jina la kituo na sahihi za mawakala ipelekwe kwa mawakala, kwa waangalizi au kwa wakili ndani ya siku hizo. Ikibaki kwenye simu hadi siku ya nane, majaji hawataiona.