Panga Lenye Kazi: Shule za Kilifi na Vijana Wanaobeba Visu

Kila zinapovuma habari za vijana wa mapanga Kisauni, ng'ambo tu ya hori ya Mtwapa, shule za Kilifi hupewa ushauri ule ule: mikoba ipekuliwe langoni, atakayekutwa na kisu akabidhiwe polisi. Nauona ushauri huo una kasoro ya msingi, kwani unachukulia panga kuwa kitu kigeni kinachoingizwa shuleni kwa siri. Kwa miaka mingi barua za kujiunga na sekondari, katika shule nyingi nchini, zimemtaka mwanafunzi aje na jembe, panga au fyekeo. Mlinzi wa lango atazuiaje kilichoagizwa na mwalimu mkuu?

Kwamba vijana wengi hubeba kisu kwa hofu ya wenzao, watafiti hawabishani. Ubishi uko kwenye tiba. Watetezi wa upekuzi hutaja Uingereza, ambako sheria ya mwaka 2006 iliwapa walimu wakuu uwezo wa kupekua wanafunzi bila ridhaa yao. Wanaiacha Scotland, ambako kitengo kilichoundwa na polisi wa Strathclyde mwaka 2005 kiliyachukua mapigano ya visu kuwa suala la afya ya jamii, na baadaye wanafunzi wakubwa wakafunzwa kuwaongoza wadogo.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi, hata hivyo, uko juu ya minazi yetu wenyewe. Mgema wa Kaloleni hupanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni, na kila mara hukata karara ubale mwembamba tu. Akizidisha, karara huisha kabla ya wakati na tembo hukatika. Kijana anayefunzwa ugema hujifunza kukata, lakini zaidi hujifunza kiasi, chini ya jicho la mtu mzima anayeishi kwa mti huo huo. Kotama ina mwenyewe, ina saa yake na mahali pake. Panga la shule halina hata kimoja kati ya hivyo likirundikwa stoo bila daftari, au likibaki chini ya kitanda bwenini.

Basi shule inunue zana zake, izipe namba, izitoe kwa jina wakati wa somo la kilimo na kuzipokea kabla kengele haijalia, wanafunzi wenyewe wakishika daftari.

Nitaambiwa kwamba aliyekutwa na kisu leo hawezi kusubiri somo la kilimo. Ni kweli. Kisu kichukuliwe, mzazi aitwe siku hiyo hiyo. Lakini kumfukuza ni jambo jingine, na kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kilikataza kufukuza wanafunzi ovyo. Kijana aliyetolewa darasani saa nne asubuhi, iwe kwa kisu au kwa karo, hakai nyumbani. Huenda maskani, na maskani ndiko kundi linakompata. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku makundi 90 kwa tangazo moja. Mapanga hayakupungua kwa tangazo hilo.

Naamini shule inayomweka kijana darasani na kumkabidhi zana kwa jina lake itapunguza visu kuliko shule yenye walinzi wawili langoni. Wizara inaweza kuanza na barua ya kujiunga: ifute panga kwenye orodha ya mzazi, na gharama yake itoke katika mgao wa shule.