Mazda MX-5: Raha na karaha za gari la viti viwili

MAGARI mengi hununuliwa ili kubeba: watoto wa shule, magunia, wateja au bidhaa za dukani. Gari la spoti la viti viwili halibebi zaidi ya dereva, abiria mmoja na mkoba wa safari.

Licha ya upungufu huo, Mazda MX-5, gari dogo la Kijapani lenye paa la kukunjwa, limekuwa sokoni kwa zaidi ya miaka 30. Gari la milioni moja la aina hiyo lilikamilika kiwandani Hiroshima mnamo Aprili 2016, na ndilo gari la wazi la viti viwili lililouzwa zaidi duniani.

Wamiliki wake katika nchi nyingi wamelisema mengi, mema na mabaya. Maoni hayo yakiwekwa pamoja, huelekea upande mmoja. Ni wachache wanaolalamikia jinsi gari hilo linavyokwenda, lakini wengi hueleza jinsi lilivyowalazimu kubadilisha mwenendo wa maisha yao ili liwatoshe. Majuto huwapata zaidi wale ambao hawakufanya hesabu hiyo kabla ya kutoa pesa.

Chimbuko lake

Wazo la gari hili lilianza mwaka 1979, wakati Bob Hall, mwandishi wa habari za magari kutoka Marekani aliyefahamu Kijapani, alipozungumza na Kenichi Yamamoto, mmoja wa wakuu wa uhandisi wa Mazda. Hall alimshauri kuwa dunia ilihitaji gari jepesi la wazi, la bei nafuu, mfano wa yale yaliyoundwa Uingereza zamani.

Wakati huo magari hayo ya Kiingereza yalikuwa yakitoweka. Utengenezaji wa MGB na ule wa Triumph Spitfire ulikoma mwaka 1980. Yalipendwa kwa wepesi wake lakini yalijulikana pia kwa kuvuja mvua, kudondosha oili na kusumbua kwa hitilafu za umeme.

Mazda iliamua kuhifadhi raha hiyo na kuondoa karaha yake. Mhandisi Toshihiko Hirai alipewa jukumu la kuongoza kazi hiyo, na gari likaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Chicago mnamo Februari 1989. Marekani lilipewa jina la Miata, na Japani likauzwa kama Eunos Roadster.

Lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi zipatazo 115, uzani usiofika tani moja, injini mbele na magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Shabaha ya wahandisi ilifumbatwa katika msemo wa Kijapani, jinba ittai, maana yake mpanda farasi na farasi wake kuwa kitu kimoja.

Tangu hapo kumekuwa na vizazi vinne. Cha kwanza, kinachotambulika kwa taa za mbele zinazochomoza zikiwashwa, kilidumu hadi 1997. Cha pili kilianza 1998 na cha tatu 2005, kisha cha nne, chenye injini za lita 1.5 na 2.0, kikaanza kuuzwa mwaka 2015.

Wanachokisifu

Jambo la kwanza linalotajwa na wamiliki si kasi. Magari mengi ya kawaida ya familia yana nguvu zaidi ya MX-5 za mwanzo, na dereva wa MX-5 hupitwa barabarani bila shida.

Sifa yake ni wepesi. Gari huitikia usukani mara tu dereva anapougusa, gia hubadilishwa kwa kusogeza mkono kidogo tu, na kona ambayo katika gari jingine haisikiki, hapa huwa tukio. Wamiliki husema kuwa dereva huonja raha hiyo hata akiwa kwenye mwendo unaoruhusiwa na sheria, jambo ambalo mwenye gari la nguvu za farasi 500 halipati isipokuwa kwa kuhatarisha leseni yake.

La pili ni paa. Lile la turubai hufunguliwa kwa mkono mmoja katika miundo ya karibuni, dereva akiwa ameketi. Wamiliki wa nchi za baridi hulifungua hata majira ya kipupwe, vioo vya milango vikiwa juu na hita ikipuliza miguuni. Katika kizazi cha tatu kuliongezwa paa gumu linalojikunja kwa umeme kwa sekunde 12, bila kupunguza nafasi ya buti.

La tatu ni uimara wa injini. Vizazi viwili vya kwanza vinahitaji kubadilishiwa mkanda wa taiming kila baada ya kilomita 100,000 hivi, lakini injini zake husifiwa kwa kudumu zikipewa oili safi kwa wakati. Kwa kuwa gari ni jepesi, tairi na breki nazo haziliki haraka kama za magari mazito.

Wanacholalamikia

Malalamiko makubwa ni nafasi. Buti la kizazi cha nne lina ujazo wa lita 130 pekee, ilhali saluni nyingi za kawaida zina lita 400 au zaidi. Mikoba miwili laini hutosha, lakini sanduku gumu la safari za ndege huenda lisiingie. Ununuzi wa wiki nzima sokoni hulazimu kiti cha abiria kigeuzwe stoo.

Ndani, kizazi hicho hakina kisanduku cha kuhifadhia vitu mbele ya abiria. Kiliwekwa nyuma, katikati ya viti, mahali ambapo kufikia nyaraka wakati wa kuendesha si rahisi. Vishikio vya vikombe navyo viko karibu na viwiko, na wenye magari hayo hulalamika kuwa kahawa humwagika wanapobadilisha gia.

Watu warefu wana kilio chao. Katika kizazi cha kwanza wapo wanaong'oa sehemu ya sponji ya kiti ili kichwa kisiguse turubai. Katika kizazi cha nne, usukani haukuweza kuvutwa karibu au kusogezwa mbali hadi yalipofanywa marekebisho ya muundo wa 2019.

Kelele ni jambo jingine. Kwenye barabara kuu, upepo na mngurumo wa malori hupenya turubai, na safari ya saa nne humchosha asiyezoea. Wazee na wenye maumivu ya mgongo au magoti hutatizika kuingia na kutoka, kwa sababu kiti kiko karibu na ardhi.

Magari ya mwanzo ya kizazi cha nne yalilalamikiwa pia kuhusu uimara wa giaboksi ya mkono, na kampuni ikafanyia sehemu zake marekebisho katika miaka iliyofuata. Katika magari ya kati ya 1989 na 1991, udhaifu uliotajwa sana ulikuwa kwenye ncha ya mbele ya krankshafti, ambako puli ikilegea huweza kuharibu injini nzima.

Mtoto ataketi wapi?

Swali hili ndilo huwagawanya wamiliki katika makundi mawili. Wenye gari jingine nyumbani huiona MX-5 kuwa zawadi waliyojipa baada ya kazi ya wiki. Wenye hilo pekee huanza kuhesabu siku mara tu mtoto anapozaliwa au mzazi mkongwe anapohitaji kupelekwa hospitalini.

Kwa vijana wasio na familia, au wanandoa ambao watoto wao wamekwishahama, viti viwili hutosha mwaka mzima. Kwa wengine, kila mwaliko wa harusi au mazishi huibua mjadala wa nani atapanda nini.

Suala hili ni la usalama pia. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakifai kamwe kuwekwa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa kuwa ukifumuka unaweza kumuua mtoto. Katika gari la viti viwili hakuna kiti cha nyuma cha kukimbilia. Mzazi hana budi kuhakikisha kwanza kuwa mfuko wa upande wa abiria unaweza kuzimwa, na iwapo hauwezi, mtoto huyo asipandishwe.

Aidha, kizazi cha kwanza hakikutengenezwa na fremu ya kukinga vichwa gari likipinduka. Baadhi ya wamiliki huongeza vyuma hivyo, hasa wanaoshiriki mashindano.

Maji na kutu

Wamiliki wakongwe wanapoulizwa ni nini huua MX-5, wengi hawataji injini. Hutaja maji.

Mvua inayotiririka kwenye paa la turubai hupokewa na mfereji ulio nyuma ya viti, kisha hupitia vitundu viwili, kimoja kila upande, na kutokea chini ya gari karibu na magurudumu ya nyuma. Majani na vumbi vikiziba vitundu hivyo, maji hufurika ndani na kujaa kwenye vizingiti vya chini ya milango.

Vizingiti hivyo vina uwazi ndani, hivyo kutu huanzia upande usioonekana. Rangi inapoanza kufura nje, bati la ndani huwa tayari limeliwa. Kasoro hiyo ni nzito kuliko katika saluni, kwa sababu gari lisilo na paa la chuma hutegemea zaidi vizingiti kulizuia lisipinde.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kusafisha vitundu hivyo kwa waya laini wa plastiki ni kazi ya dakika chache, ilhali kukata na kuchomelea vizingiti vipya huweza kugharimu pesa nyingi kuliko thamani ya gari lenyewe.

Kizazi cha kwanza kina mambo mengine mawili ya kuangaliwa. Kioo cha nyuma ni cha plastiki, na kisipofunguliwa zipu kabla ya paa kukunjwa hupasuka. Kizazi cha pili kilipewa kioo halisi. Betri nayo imewekwa ndani ya buti, na isipokuwa ya aina isiyovujisha asidi na mvuke, huozesha bati lililo chini yake.

Kwa wanaoyatunza magari hayo ya zamani, Mazda ilianzisha nchini Japani mwaka 2017 mpango wa kuyafanyia ukarabati kizazi cha kwanza na kutengeneza upya baadhi ya vipuri vilivyokuwa vimeadimika, vikiwemo turubai la paa na tairi za mtindo wa awali.

Katika barabara za Kenya

Kwa Mkenya, gari hili lina faida moja ya wazi: huko Japani usukani uko kulia, kama hapa. Lakini kanuni za nchi haziruhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hivyo anayeagiza leo atapata kizazi cha nne, na anayetamani zile taa za kuchomoza itambidi atafute lililokwishaingia nchini.

Tumbo la kizazi cha nne liko takriban sentimita 14 tu kutoka ardhini. Matuta ya barabarani, hasa yale yaliyojengwa bila vipimo, huweza kulikwaruza. Barabara ya vumbi ya kwenda mashambani, iliyochimbika baada ya mvua, si yake.

Jambo jingine la kuzingatia ni kuwa kizazi hicho hakina gurudumu la akiba. Kiwanda hutoa dawa ya kuziba tundu na pampu ndogo. Dawa hiyo husaidia msumari ukichoma tairi, lakini haifai kitu shimo likipasua ubavu wa tairi usiku, mbali na mji.

Injini zake ni za familia ya Skyactiv, inayotumika pia katika Mazda nyingine zinazojulikana na mafundi wa hapa, ikiwemo Demio. Hata hivyo, turubai, vioo na sehemu za bodi ni za gari hilo pekee na mara nyingi hulazimu kuagizwa ng'ambo. Kwa wakazi wa Pwani, hewa ya chumvi huongeza sababu ya kuchunguza kutu mara kwa mara.

Kabla ya kununua

Ushauri wa wamiliki wenye uzoefu kwa anayelitamani gari hili ni huu:

Kwanza, aandike kwa mwezi mmoja kila safari anayofanya na idadi ya watu aliowabeba. Ikiwa safari za watu watatu au zaidi ni nyingi, ahakikishe kuna gari jingine nyumbani.

Pili, aketi ndani ya gari paa likiwa limefungwa, kwa muda usiopungua nusu saa. Kichwa, magoti na mgongo vitamwambia ukweli kuliko muuzaji.

Tatu, ainue mazulia ya sakafuni na kuyapapasa. Unyevu ni dalili kuwa vitundu vimeziba. Kisha ambembeleze fundi achungulie vizingiti kwa chini, gari likiwa limeinuliwa.

Nne, aliendeshe katika barabara atakayoitumia kila siku, yenye matuta yale yale na msongamano ule ule, badala ya barabara kuu iliyo laini.

Kipenda roho hula nyama mbichi, na wapo waliolitumia gari hili kwa miaka 20 kama gari lao pekee bila kunung'unika. Hao walikwisha kujua, tangu siku ya kwanza, ni nani angekaa katika kile kiti cha pili, na ni nani angebaki nyumbani.