Alama za sarafu kwenye printa za risiti

Alama ya sarafu huchapika sawasawa kwenye printa ya risiti pale tu programu na printa zinapotumia jedwali moja la herufi. Printa nyingi za aina hii hufuata amri za ESC/POS, zilizobuniwa na Epson, na kwa kawaida husoma kila baiti kama herufi moja. Programu za leo huandika kwa UTF-8, ambamo alama ya yuro huchukua baiti tatu: E2, 82 na AC. Printa iliyoachwa kwenye jedwali la 437 huzichapa Γé¼, na mteja hubaki akiikodolea macho bei yake.

Jedwali hilo ni la zamani kuliko yuro yenyewe, hivyo halina alama yake. Dawa ni kutuma kwanza baiti 27, 116 na 19, amri inayochagua jedwali la 858 kwenye printa za Epson, kisha baiti 213. Hiyo 19 si ya kuaminiwa kwenye printa za makampuni mengine. Ni salama zaidi kutazama karatasi ya majaribio, ambayo kwa printa nyingi hutoka zikiwashwa huku kitufe cha kusogeza karatasi kimebanwa. Pauni haisumbui sana: imo katika 437 kwa namba 156.

Naira (₦) na rupia ya India (₹), iliyopata alama yake mwaka 2010, hazimo katika majedwali hayo, kwa hiyo hutumwa kama picha ndogo. Shilingi, ikiandikwa TSh au KSh, huchapika popote.