Mavazi ya kazini: Namna ya kujijengea jina Nairobi bila kujitia madeni

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii aghalabu hutumiwa kuhusu bidhaa za sokoni, lakini inamhusu pia mtu anayeuza ujuzi wake: wakili, mhasibu, mhandisi, mwalimu au karani anayetafuta ajira. Kabla hajaulizwa swali la kwanza, mavazi yake huwa yameshatoa ushahidi, uwe wa kumtetea au wa kumshtaki.

Hali hii hudhihirika kila alfajiri ya siku ya kazi. Wafanyakazi wengi hutoka Kawangware, Kangemi na Dagoretti, baadhi kwa miguu na wengine kwa matatu, kuelekea Westlands, Upper Hill na katikati mwa jiji. Msimu wa mvua, wapo wanaobeba viatu vya ofisini mfukoni na kuvaa raba njiani kwa sababu ya tope. Wanajua kwamba bawabu, katibu na meneja huenda wakawatazama miguuni kabla ya kuwatazama usoni.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kuelewa desturi ya mahali unapofanyia kazi. Wakili anayefika mbele ya Mahakama Kuu hana budi kuvaa joho. Mhandisi aliye kwenye ujenzi huheshimiwa kwa buti na kofia ngumu, wala si kwa tai. Kijana anayeandika programu za kompyuta aweza kuonekana mgeni miongoni mwa wenzake akivaa suti ya vipande vitatu, ilhali karani wa benki akivaa jinzi ataonekana mtu asiyejali fedha za wateja.

Bunge la Kenya limetoa mifano mingi ya jambo hili. Mapema 2011, Mbunge wa Makadara wakati huo, Bw Gidion Mbuvi, maarufu kama Sonko, alifukuzwa kikaoni kwa sababu ya hereni na miwani ya jua. Mnamo Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Bw Moses Wetang’ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Alisisitiza kwamba mwanamume avae koti, shati la mikono mirefu lenye kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Uamuzi huo ulizua mjadala mkali, kwani suti hiyo, iliyopata jina lake kutokana na Rais wa kwanza wa Zambia, Kenneth Kaunda, ilikuwa mojawapo ya mavazi anayoyapenda Rais William Ruto.

Hata hivyo, hereni si kosa kila mahali. Mwaka uo huo wa 2011, Dkt Willy Mutunga alihojiwa hadharani kuhusu kipuli chake alipopendekezwa kuwa Jaji Mkuu. Alikataa kukitoa, na akaapishwa Juni akiwa nacho. Isitoshe, chini ya uongozi wake mahakama ziliachana na nywele bandia za majaji zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza. Funzo lililopo ni kwamba alama ya kipekee hubebwa na rekodi ya kazi. Aliyekwisha kuthibitisha ujuzi wake ana nafasi ya kuamua. Anayeanza itamfaa kuthibitisha kwanza.

Kanuni ya pili ni uthabiti. Jina halijengwi kwa vazi la siku moja, bali kwa sura ambayo watu huizoea na kuitambua. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alijulikana kwa marinda ya vitambaa vya Kiafrika na kilemba kichwani. Hakuhitaji kueleza msimamo wake kuhusu utamaduni na mazingira. Vazi lake lilikwisha kueleza. Rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta, alitambuliwa kwa mgwisho wake, naye mrithi wake, Daniel arap Moi, kwa rungu na ua kifuani.

Mwaka uo huo wa 2004 lilizinduliwa vazi la taifa la Kenya, lakini halikushika mizizi. Mnamo 2019, Serikali iliwaagiza watumishi wa umma kuvaa nguo zilizotengenezwa humu nchini kila Ijumaa. Anayetaka kujitambulisha kwa vazi la nyumbani, basi, ana njia nyingi: koti lenye ukosi wa kitenge, shati la kushonwa au mkufu wa shanga.

Kanuni ya tatu ni kuvaa kwa kadiri ya mfuko. Hapa ndipo vijana wengi wanapojikwaa, hasa wanaochukua mikopo ya simu ili wanunue suti ya mahojiano. Nguo ya kuazima, walisema wazee, haisitiri matako. Kwa mwanamume anayeanza kazi, suruali mbili za kijivu na buluu iliyokoza, koti moja linalooana nazo, mashati manne au matano, tai mbili, mkanda na viatu vyeusi vya ngozi vyatosha. Mwanamke naye atatosheka na sketi au suruali mbili za rangi tulivu, blauzi nne, koti, rinda moja la heshima na viatu vyenye visigino vifupi vya kuhimili mwendo wa jijini. Nguo hizo chache zikioanishwa kwa zamu, hapana atakayehesabu idadi yake.

Koti lisipuuzwe. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti humkunja mtu mabega hata akaonekana hana imani na anachokisema.

Nguo hizi si lazima zitoke katika maduka makubwa ya Westlands. Soko la Toi, karibu na Adams Arcade, lile la Kawangware, na Gikomba upande wa mashariki, huuza mitumba ambayo mara nyingi imeshonwa kwa kitambaa imara. Umuhimu wa biashara hii ulionekana mwaka 2020, Serikali ilipozuia uagizaji wa mitumba kutokana na Covid-19, kisha ikaondoa marufuku hiyo Agosti. Anayetafuta vitenge na kanga hupata chaguo pana katika barabara ya Biashara, katikati mwa jiji.

Unapochagua koti la mtumba, kagua kwapa, kola, zipu na bitana penye mwanga wa jua. Kisha litazame begani: mshono uishie pale bega linapoishia. Fundi cherehani aweza kufupisha mikono, kupunguza kiuno na kurekebisha upindo kwa gharama ndogo, lakini kurekebisha mabega ni kazi ngumu na ghali. Nguo ya bei nafuu iliyokukaa vyema, ikafuliwa na kupigwa pasi, huipiku ya ghali inayoning’inia mwilini.

Fauka ya hayo, ni muhimu kufahamu mipaka ya wanaokutazama. Kipengele cha 27 cha Katiba ya 2010 kinataja mavazi waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, nacho cha 32 kinakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake. Mwajiri aweza kuweka kanuni za staha na usalama, ila mwanamke mwenye hijabu si wa kufungiwa mlango kwa sababu ya dini yake.

Jiji hili halijasahau Novemba 2014, wanawake walipoandamana barabarani baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume katika kituo cha matatu. Mwaka huo huo sheria ilifanyiwa marekebisho, na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukatajwa waziwazi kuwa kosa la jinai. Ushauri wa mavazi, kwa hivyo, ni wa kumsaidia mvaaji. Haumpi mpita njia mamlaka yoyote juu ya mwili wa mwenzake.

Hatimaye, mavazi hufungua mlango tu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aliyevaa suti nadhifu kisha akachelewa kazini, akakosea hesabu au akamjibu mteja kwa ufidhuli, amejiharibia jina kwa mikono yake mwenyewe. Andaa nguo usiku, ng’arisha viatu, fika mapema, kisha acha kazi yako imalizie yale ambayo vazi lilianza kuyasema.