Ethelwynn Trewavas na Perege wa Maji ya Magadi

Msafiri apandaye kutoka Karatu kuelekea ukingo wa kreta ya Ngorongoro huelekezwa kutazama faru, tembo na simba. Habari za samaki hasimuliwi. Hata hivyo nyanda hizo za juu zimezungukwa na maziwa matatu ya magadi: Eyasi kusini-magharibi, Manyara kusini-mashariki, na Natron kaskazini-mashariki. Ndani ya maji hayo makali, ambayo pembezoni mwa Natron huchemshwa na chemchemi za moto, wanaishi perege waliozoea tabu wasiyoiweza samaki wengi.

Perege hao waliingia katika vitabu vya wataalamu mwaka 1905, kwa kalamu ya Mjerumani Franz Hilgendorf wa Berlin, ambaye wakati maelezo yake yanachapishwa alikwisha kufariki. Yule wa Natron alimwita alcalica, kwa sababu ya magadi. Yule wa Manyara, ambaye pia yumo Eyasi, Kitangiri na Singida, alimwita amphimelas. Lakini kupewa jina si kujulikana. Nasaba yao, na ya perege wote wa Afrika, ilibaki imevurugika kwa miongo mingi.

Aliyejitwika kazi ya kuinyoosha nasaba hiyo ni Ethelwynn Trewavas, mwanamke aliyezaliwa Penzance, Uingereza, mwaka 1900. Alianza kwa ualimu. Mwaka 1928 akawa msaidizi wa bingwa wa samaki Charles Tate Regan, na mwaka 1935 akaajiriwa na jumba la makumbusho ya viumbe jijini London. Mwaka huo huo alichapisha muhtasari wa samaki wa jamii ya perege katika Ziwa Nyasa. Miaka michache baadaye akafika kwenye ziwa lenyewe, akiwa mmoja wa waliochunguza samaki na uvuvi wake. Alistaafu mwaka 1961, lakini hakuiacha meza yake.

Kilele cha kazi yake ni kitabu kikubwa cha mwaka 1983, alipokuwa amevuka umri wa miaka 80. Humo aliwapanga perege kwa namna wanavyolea. Wapo watagao chini na kulinda mayai yao palepale. Wapo ambao kwao baba, au wazazi wote wawili, huatamia mayai kinywani. Na wapo ambao kwao mama peke yake hubeba mayai na vifaranga kinywani mwake. Hawa wa mwisho ndio Oreochromis, na miongoni mwao wamo wale wa Eyasi na Natron. Hivyo mkubwa wa elimu hiyo hakuwatenga samaki kwa miba na magamba tu, bali pia kwa malezi.

Visiwa vyetu navyo vimo katika kisa hiki. Katika miaka ya 1950 perege wa Zanzibar walipelekwa Malacca, huko Malaya, wakidhaniwa kuwa ukoo mmoja tu wa perege wa Msumbiji. Madume yao yalipopandishwa kwa majike ya Msumbiji, watoto karibu wote wakatoka madume. Mwaka 1966 Trewavas alionyesha kwamba perege wa Zanzibar ana jina lake, hornorum, na kwamba kwa asili ni wa Mto Wami, bara. Wafugaji wakafurahi: madume matupu hayajazi bwawa kwa vitoto.

Lakini kilicho neema bwawani huweza kuwa msiba ziwani. Perege wa jamii tofauti wakikutana huzaana, na kizazi baada ya kizazi yule wa asili huyeyuka ndani ya mgeni. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa Tanzania na Uingereza ulionyesha kuwa perege wa kupandikizwa, akiwemo sato wa Nile, wameenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni huja, mwenyeji akaangamia.

Perege wa Eyasi ana dhiki nyingine pia. Ziwa hilo hupungua, na pengine hukauka, na chemchemi za Mang'ola zinazoshuka kutoka nyanda za Ngorongoro zinagawanywa kati ya mashamba ya vitunguu na ziwa. Natron nako, katika mabishano ya miaka ya 2000 juu ya kiwanda cha magadi, waliotajwa kwanza walikuwa heroe. Samaki hawana mbawa za kuwatangaza, wala pa kurukia maji yakiharibika.

Trewavas alifariki mwaka 1993. Miaka sita baadaye, Seegers na Tichy walitambulisha jamii nyingine mbili za perege wa Natron. Ziwa lililodhaniwa kuwa na mkazi mmoja kumbe lilikuwa na watatu. Kama lingeharibiwa kabla ya hapo, wawili kati yao wangetoweka bila hata jina la kuwaombolezea. Hiyo ndiyo faida ya kazi ya mtu aliyekaa miaka 60 akihesabu miba na magamba: kabla ya kumlinda kiumbe, sharti kwanza tumjue ni nani.