Msamiati wa kanisa katika Kiesperanto

Msamiati wa kanisa katika Kiesperanto ni maneno ya dini ya Kikristo katika lugha ya kubuniwa iliyotangazwa na L. L. Zamenhof mwaka 1887. Mengi huundwa kwa kuunganisha mizizi na viambishi: *preĝi* (kusali) na *-ej-* (mahali) hutoa *preĝejo*, jengo la ibada; *Dio* (Mungu) na *servo* (utumishi) hutoa *diservo*, ibada yenyewe. Kanisa kama jumuiya huitwa *eklezio*. Tofauti hiyo kati ya *preĝejo* na *eklezio* inawafaa sana Wakongregeshenali, Waprotestanti ambao kila ushirika wao hujitawala na kumchagua mchungaji wake, kwani kwao kanisa ni waumini walioungana, si jengo. Msamiati huo hutumika pia katika Biblia ya Kiesperanto: Agano la Kale lilitafsiriwa na Zamenhof mwenyewe. Biblia nzima ilichapishwa mwaka 1926.